Farasi wa Ruponda

Tarehe 10 Oktoba 1917 safu za jeshi la Waingereza zilizokuwa zikipigana kutoka Kilwa ziliingia Ruponda, mahali ambapo leo pamo ndani ya Wilaya ya Nachingwea. Zilikuwa zimevuka bonde la Mbwemkuru, zikapita nchi ya Ruangwa, zikimfuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea Ruvuma. Ruponda ilikuwa na maghala ya Wajerumani, na chakula kingi kiliangukia mikononi mwa waliofika. Miongoni mwa waliofika katika kampeni ile walikuwamo askari wa Nigeria na Gold Coast, King's African Rifles, Wahindi wa vikosi mbalimbali, na wapagazi waliowazidi askari wote kwa idadi. Walikuwamo pia farasi.

Hao farasi ndio ninaotaka kuwasimulia. Historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia kusini mwa Tanzania imeandikwa kwa majina ya majenerali na vilima. Mnyama hutajwa anapokufa tu, tena kwa jumla, kama gunia lililopasuka njiani. Wamwera, wenyeji wa Ruangwa na Nachingwea, hawakuwa na farasi, na walikuwa na sababu njema ya kutokuwa naye. Nchi ile ilikuwa ya mbung'o. Mkulima aliyeshindwa kufuga hata ng'ombe mbele ya mdudu yule asingejaribu mnyama dhaifu zaidi kwa mdudu huyohuyo. Lakini vita haikuwauliza wenyeji.

Kabla ya vita, mtu mmoja alikuwa amekwisha kulijaribu jambo hili kwa makusudi, kusini kidogo ya hapo. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kwa safari yake ya mwisho, akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama, baghala wawili na punda wanne. Wengi wa wanyama hao walitoka India, na hakuwachukua kwa ajili ya mizigo peke yake. Alitaka kujua kama kuna mnyama wa kazi anayeweza kuumwa na mbung'o akaishi. Alitumaini kwamba nyati wa India, kwa kuwa ni jamaa wa mbali wa nyati wa porini asiyedhurika, angeweza kustahimili. Msafara ulipita pembeni mwa uwanda wa Makonde, ukashika njia ya Ruvuma hadi Ngomano.

Wanyama walianza kudhoofika mapema, wakafa mmoja baada ya mwingine. Livingstone alipokaa chini kuandika sababu, hakuweza. Mbung'o waliwauma mbele ya macho yake. Lakini pia walibebeshwa mzigo kupita kiasi, walipigwa na walinzi waliotakiwa kuwatunza, walitembezwa wakati wa jua kali na hawakulishwa vya kutosha. Ngamia walikuwa na vidonda vya kipigo. Jaribio likaharibika. Ni nini kilichowaua, mdudu, joto au mkono wa binadamu? Livingstone aliliacha swali hilo wazi katika shajara yake, na majeshi ya miaka ya 1916 na 1917 yakarudia jaribio lake kwa wanyama maelfu kwa maelfu bila kujua kwamba yanafanya jaribio.

Farasi kuishi katika joto la pwani halikuwa jambo lisilowezekana. Zanzibar ilikuwa nao. Mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, alileta farasi wa Kiarabu kutoka Oman, na mwaka 1840 jahazi lake la Sultana lilipokwenda New York farasi wawili walikuwa miongoni mwa zawadi kwa rais wa Marekani. Binti yake Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wangali wadogo. Yeyote aliyelala Unguja mwezi wa Machi anajua fukuto la kisiwa kile, usiku unaotoa jasho kama mchana. Farasi wa Mtoni walilistahimili. Walikuwa na kivuli, maji ya mto, mchungaji wa kila mmoja, na safari fupi. Tena walikaa mbali na vichaka vya kusini na mashariki ya kisiwa, ambako mbung'o aliendelea kuwapo hadi alipotokomezwa katika miaka ya 1990 kwa kumwachia angani madume tasa waliozalishwa Tanga. Kwa hiyo joto lenye unyevu, likiwa peke yake, halikuwa hukumu ya kifo.

Bara mambo yalikuwa mengine. Jenerali Jan Smuts alipochukua uongozi wa majeshi ya Uingereza mapema mwaka 1916, alileta kutoka Afrika Kusini namna ya kupigana aliyoijua, yaani askari juu ya farasi kumzunguka adui kwa kasi. Aprili mwaka huo brigedi ya Jaap van Deventer ilikwenda mbio kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi wakati wa masika. Kondoa ilitekwa, lakini mamia ya farasi walibaki njiani, na waliofika hawakuwa na nguvu ya kuendelea. Baadaye, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916 pekee, jeshi hilo lilipoteza farasi wapatao 10,000, baghala 10,000, ng'ombe wa kukokota 11,000 na punda 2,500. Ni miezi miwili tu. Nimezisoma hesabu hizo mara nyingi, na kila mara najiuliza ni afisa gani aliyeziandika na akaagiza wengine waletwe.

Waliletwa. Miongoni mwa vikosi vilivyopelekwa upande wa Kilwa kilikuwamo cha 25th Cavalry cha mpaka wa kaskazini-magharibi wa India. Hawa hawakuwa wanagenzi. Walikuwa watu wa Punjab na milima ya jirani, Waislamu, Makalasinga na wengineo, waliozaliwa na farasi miguuni. Katika utaratibu wa zamani wa vikosi vya aina yao, askari aliingia jeshini na farasi wake au fedha ya kumnunua, hivyo mnyama yule alikuwa ni mali ya familia na heshima ya mwenyewe. Farasi wao walikuwa wamezoea joto, na joto la Punjab mwezi wa Juni hupita mbali joto lolote la Nachingwea. Mtu angedhani ndio waliofaa kuliko wote.

Hapo ndipo penye jambo linalohitaji kuelezwa polepole, kwa maana joto si la namna moja. Farasi akikimbia, kama robo tu ya nguvu inayochomwa katika misuli yake ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Robo tatu zilizobaki hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke mwilini. Wakati wa mapumziko mwili wa farasi huwa na nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akifanya kazi ngumu hupanda hadi 40 na zaidi, na akipita 42 yuko ukingoni mwa hatari. Njia yake kuu ya kulitoa joto ni ileile ya binadamu, kutoa jasho likauke juu ya ngozi. Kila lita ya jasho inayokauka huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Farasi ni bingwa wa kutoa jasho. Katika kazi nzito anaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Ndani ya jasho lake mna protini iitwayo latherini, na hiyo ndiyo inayotoa povu jeupe shingoni na chini ya hatamu. Kazi ya povu lile ni kulitandaza jasho katika manyoya mpaka ncha zake, hewa ilifikie.

Neno muhimu ni kukauka. Jasho linalodondoka chini halijaondoa kitu. Nguo zilizofuliwa Lindi mjini mwezi wa Februari hushinda kambani na bado zina unyevu jioni, ilhali Nachingwea mwezi wa Agosti hukauka kabla ya adhuhuri. Ngozi ya farasi hufuata sheria hiyohiyo. Katika hewa kavu ya Punjab, nyuzi 42 zinavumilika kwa sababu jasho hukauka mara linapotoka. Katika fukuto la pwani, nyuzi 32 tu zinaweza kumlemea, maana hewa imeshiba maji na haipokei mengine. Farasi hutoa jasho zaidi, jasho hutiririka bure, naye hupoteza maji na chumvi bila kupoa.

Tena umbile lake linamwonea. Binadamu ana mita moja ya mraba ya ngozi kwa kila kilo 40 za mwili, au pungufu. Farasi wa kilo 500 ana mita moja kwa kila kilo 100 hivi. Tanuru ni kubwa na madirisha ni machache. Juu ya hayo mwekee askari, tandiko, bunduki, risasi, blanketi na chakula, mzigo wa zaidi ya kilo 100, ambao pia unafunika sehemu nzuri ya mgongo uliotakiwa kupoa.

Na kuna jambo la kiu, ambalo nadhani limeua farasi wengi kuliko tunavyofikiri. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu yake, kwa hiyo akitoa jasho jingi damu huwa na chumvi zaidi na ubongo hupiga kelele ya kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake. Maji na chumvi hutoka pamoja, damu haizidi chumvi, na kengele ya kiu hailii. Farasi aliyepoteza lita 30 anaweza kufikishwa kisimani akanusa maji na kugeuza kichwa. Mtu asiyejua husema amekwisha kushiba, humrudisha njiani. Katika nchi ya Narungombe na Mbwemkuru, ambako Julai 1917 majeshi yalipigania visima kwa sababu kulikuwa hakuna maji mengine, nafasi ya kumbembeleza mnyama anywe ilikuwa ndogo mno.

Sasa, mwili wa farasi haukubali kushindwa mara moja. Unajifunza. Akifanyishwa kazi ya wastani kila siku katika joto lenye unyevu, mabadiliko huanza ndani ya siku chache na huendelea kwa majuma mawili hadi matatu. Maji katika damu yake huongezeka, kwa hiyo moyo unaweza kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja bila kwenda mbio sana. Huanza kutoa jasho mapema, kabla mwili haujapanda joto. Hujifunza kunywa zaidi baada ya kazi. Joto la mwili wake wakati wa kazi ileile iliyomtesa siku ya kwanza hupungua. Hawi farasi mwingine, na siku yenye fukuto kali bado itamshinda akilazimishwa, lakini anaipata nafasi ya kuishi.

Mambo haya hayakuandikwa katika vitabu vya matabibu wa mifugo mwaka 1917, ingawa wenye macho waliona dalili zake. Waingereza walioishi India, Ceylon na Malaya walikwisha kuona ugonjwa wa ajabu kwa farasi walioletwa kutoka nchi za baridi. Farasi aliacha kabisa kutoa jasho. Manyoya yalikauka, akahema kwa kasi akiwa amesimama tu kivulini, na mwendo mfupi ulitosha kumwangusha. Inaonekana tezi za jasho, zikichochewa na adrenalini usiku na mchana bila kupumzishwa, hufika mahali zikaacha kuitika. Walioletwa kwa pupa na kupandwa mara moja waliumia zaidi. Kulikuwa pia na imani iliyoshikiliwa sana miongoni mwa wapanda farasi wa Ulaya, kwamba farasi mwenye joto akimwagiwa maji baridi misuli hukakamaa au hufa. Basi hata penye mto, wengi walimsimamisha farasi anayewaka mpaka apoe mwenyewe kwanza.

Imani ile ilidumu hadi nyakati zetu. Katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 dunia iliona kwenye televisheni farasi waliomaliza mbio ndefu za nyikani wakiyumba kwa joto. Olimpiki iliyofuata ilipangwa Atlanta mwaka 1996, katika kiangazi cha Georgia chenye unyevu mwingi, na kulikuwa na sauti zilizotaka michezo ya farasi ihamishwe au ifutwe. Ndipo utafiti ukafanywa kwa haraka na kwa bidii. Huko Guelph, Kanada, akina Michael Lindinger, Raymond Geor na Laura Jill McCutcheon waliwakimbiza farasi kwenye mkanda wa mazoezi ndani ya vyumba vya joto na unyevu mkubwa kwa siku 21, wakipima jasho, chumvi, damu na mapigo ya moyo. Newmarket, Uingereza, David Marlin na wenzake walifanya kazi kama hiyo. Walionyesha kwamba farasi huzoea, kwamba hahitaji miezi, na kwamba maji baridi sana, yakimwagwa mwili mzima na kumwagwa tena, humpoza haraka wala hayamdhuru. Hapo Conyers, nje ya Atlanta, zilitayarishwa feni za kunyunyiza ukungu, barafu na vituo vya mapumziko. Njia ilifupishwa, mbio zilianzwa alfajiri, na farasi kutoka Ulaya walifikishwa mapema ili wapate majuma yao ya kuzoea. Mashindano yalimalizika bila maafa yaliyohofiwa.

Tuyarudishe maarifa hayo Ruponda. Kusini mwa Tanzania mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Juu ya uwanda wa Nachingwea, mita zaidi ya 400 kutoka usawa wa bahari, jua la Oktoba ni kali lakini hewa bado ina ukavu, na alfajiri ni ya kupendeza. Kwa upande wa joto, huo haukuwa mwezi mbaya kuliko yote. Wanyama walioshushwa Kilwa Kisiwani na Kilwa Kivinje walipata unyevu wa pwani kwanza, kisha wakapanda katika nchi kavu yenye visima vichache. Wangepewa majuma matatu ya mwendo mfupi, chumvi, maji ya kutosha na mapumziko toka saa nne hadi saa kumi, miili yao ingeyamudu. Farasi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi Tanzania wanaishi Dar es Salaam, katika unyevu mkubwa kuliko wa Ruangwa, na wanafanya kazi.

Lakini Ruponda kulikuwa na mbung'o, na hapa ndipo swali la Livingstone linapohitaji kuulizwa upya. Daktari David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand mwaka 1895 kwamba mbung'o hubeba vijidudu vya damu viletavyo ugonjwa wa nagana. Madaktari wa mifugo wa jeshi walilijua hilo, na waliwapa farasi arseniki, si kwa kutumaini kuwaponya bali kuwaongezea majuma machache ya kazi. Farasi wengi katika kampeni ile hawakufikisha miezi miwili. Jeshi liliwahesabu kama linavyohesabu risasi.

Tazama nagana inavyofanya mwilini. Huleta homa inayopanda na kushuka, kwa hiyo farasi anaanza siku akiwa na nyuzi 40 kabla hajapiga hatua. Nafasi kati ya joto lake na ukingo wa hatari imekwisha kuliwa nusu. Huvunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga kwa kasi zaidi kupeleka hewa ileile, na damu ya kupeleka ngozini kwa ajili ya kupoa haitoshi. Mnyama hukosa hamu ya kula, na chumvi iliyotoka kwa jasho hairudi. Mambo yote ambayo mwili ungeyajenga katika majuma matatu ya kuzoea joto, nagana inayabomoa katika majuma hayohayo matatu. Farasi aliyeanguka njiani karibu na Ruangwa saa sita mchana, akiwa na mpanda farasi mgongoni na kisima kiko mbali, hakuuawa na mdudu peke yake, wala na jua peke yake. Livingstone alitaka kutenganisha vitu vilivyokuwa vikifanya kazi pamoja ndani ya mshipa mmoja wa damu. Na mkono wa binadamu, uliobebesha mzigo na kuharakisha mwendo, ulikuwa ndani ya mshipa uleule. Kwa sababu hiyo sikubaliani na masimulizi yanayoandika kwamba tropiki iliwaua farasi wa Smuts na van Deventer, kana kwamba nchi yetu ilinyoosha mkono ikawanyonga. Waliwaleta mahali ambapo wenyeji walikwisha kusema, kwa kutofuga, kwamba mnyama huyu haishi, kisha wakamnyima hata kile kidogo ambacho mwili wake ungeweza kukifanya.

Wiki iliyofuata kutekwa kwa Ruponda ilikuwa ya damu nyingi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, mashariki katika bonde la Lukuledi, Mahiwa na Nyangao pakapiganwa vita vikali kuliko vyote vya kampeni hiyo. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kutekwa. Tarehe 18 safu iliyotoka Ruponda iliishika misheni ya Lukuledi, iliyojengwa na Wabenediktini mwaka 1895. Tarehe 21 Lettow-Vorbeck, akitoka Mahiwa, aliishambulia. Wapanda farasi wa 25th Cavalry walinaswa katika mapigano hayo na kupoteza sehemu kubwa ya wanyama wao kwa risasi. Safu ikarudi Ruponda.

Naona tukio hilo limebeba jambo zaidi ya bahati mbaya ya siku moja. Farasi ana thamani vitani kwa kasi yake. Katika miti ya miombo na nyasi ndefu, juu ya mnyama mchovu, kasi hiyo haikuwapo. Yule mpanda farasi aliyelelewa kuuona upeo wa macho Punjab alikuwa hapa shabaha ndefu inayotembea polepole kati ya vichaka. Walioshinda misituni walikuwa askari wa miguu, na wa pande zote mbili walikuwa zaidi Waafrika.

Mizigo ya farasi na baghala waliokufa haikutoweka. Ilihamia vichwani. Kila pakiti ya unga na kila sanduku la risasi lililobebwa awali na mnyama lilipewa mpagazi, na kadiri wanyama walivyopungua ndivyo maagizo ya watu yalivyoongezeka, kutoka Nyanza na Ukamba, kutoka Unyamwezi, Uganda, Nyasa na Kongo, na kutoka vijiji vya Wamwera na Wayao ambavyo jeshi lilivipitia. Mbung'o hawakuwaangusha wapagazi kama walivyoangusha farasi. Waliangushwa na kuhara damu, nimonia, malaria na unga wa mahindi usiopikwa ukaiva kwa watu waliozoea ndizi au mtama. Mtu aliyetolewa milimani Kikuyu penye baridi alishushwa Kilwa akatakiwa kubeba kilo 25 kesho yake. Mwili wa binadamu pia huhitaji siku zake za kuzoea fukuto, kumi hadi kumi na nne, na maji, na chumvi. Hakuna aliyepanga siku hizo kwa wapagazi kama hakuna aliyezipanga kwa farasi. Waliokufa katika kuwabebea Waingereza peke yao, kwa hesabu zao rasmi zinazojulikana kuwa pungufu, walipita 40,000.

Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, waliokamatwa vijijini kwa nguvu, na vijiji vya Ruangwa na Nachingwea viliporwa chakula mara mbili katika msimu mmoja, kwanza na waliokuwa wakirudi nyuma, kisha na waliokuwa wakiwafuata. Novemba 25, 1917 Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma na kuishinda ngome ya Wareno Ngomano, palepale ambapo msafara wa Livingstone ulifika miaka 51 kabla yake ukiwakokota wanyama waliodhoofika. Vita vikahamia Msumbiji, vikiendelea kwa mwaka mzima mwingine, na mizigo ya majeshi yote mawili ikavuka mto juu ya vichwa vya watu.